Likizo ya Uzazi na Uhai wa Watoto: Tuitazame Kabungu, Tujione Wenyewe

Wanachama wenzetu wa Unguja na Pemba, jina la Kabungu huenda likawa geni masikioni mwa wengi wenu. Kabungu ni kata ya Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Zamani nchi yote ile ilijulikana kwa jina la Mpanda tu. Ni mbali na bahari. Mwenye kutoka huku kwetu kwenda huko kwa treni hana budi avuke hadi Dar es Salaam, ashike njia ya Tabora, kisha ashike ile reli ya tawi ya Kaliua, iliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Mpanda. Machimbo yale yalikwisha zamani. Reli imebaki, na watu wamebaki na jembe. Mkoani humo hulimwa mahindi, karanga, pamba na tumbaku, na katika nyumba nyingi jembe hilo hushikwa na mwanamke kabla ya mwanamume.

Tumeichagua Kabungu kwa makusudi. Watu wa mjini wakizungumza juu ya likizo ya uzazi yenye malipo, fikira zao humwendea karani wa benki na bibi wa ofisini. Sisi twaamini kuwa sheria hupimwa mwisho wa njia, pale gari linapogeuza. Na wenye kukaa visiwani twajua vyema maana ya kuwa mwisho wa njia.

Twataka kusema hivi. Likizo ya uzazi yenye malipo ni dawa ya mtoto kama zilivyo dawa nyingine, na kila dawa ina kipimo chake. Kipimo kitumikacho leo, Bara na Visiwani, hakikutokana na haja ya mtoto. Tena watoto walio wengi hawapewi hata hicho kipimo kidogo, kwa kuwa mama zao hawana mwajiri.

Tuwaweke mbele ya macho akina mama wawili wa kata kama hiyo. Ni mfano, wala hatumsemi mtu. Lakini nendeni kijiji chochote cha nchi ile mtawakuta. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa siku 84 za likizo kwa malipo, na siku 100 akijaaliwa pacha. Hawezi kurudishwa kazini kabla ya wiki 6 kupita tangu kujifungua, ila daktari aidhinishe. Akirudi, ana ruhusa ya hadi saa 2 kila siku za kumnyonyesha mwanawe. Na ni marufuku kumpa mjamzito au mama anyonyeshaye kazi ya kumdhuru yeye au mtoto. Baba naye amepewa siku 3, yaani hata siku ya akika haijafika.

Wa pili ni jirani yake, mkulima wa tumbaku. Huyu sheria haimjui. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, miche lazima itoke kitaluni iende shamba, na mimba ya miezi minane haipewi udhuru. Majani yakikomaa lazima yavunwe kwa zamu yake na kupelekwa mabanini kukaushwa. Jani la tumbaku likiwa bichi na limelowa umande, nikotini hupenya katika ngozi ya mvunaji, ikamtia kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Wenye kulima zao hilo waijua sana maradhi hiyo. Sheria imemkataza mwajiri kumpa mama kazi ya hatari. Lakini shamba la mume halina mwajiri, wala hatujasikia kwamba mkaguzi wa kazi amepata kufika huko kuuliza nani avuna na nani amejifungua juzi. Basi mtoto huchukuliwa mgongoni hadi shambani, au huachiwa dada yake ambaye mwenyewe bado mtoto, akapewa maji na uji mwepesi wa mahindi mpaka mama arudi jioni.

Na wengi wa mama hao ni wasichana. Uchunguzi wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, na wakati huo kwa nchi nzima walikuwa 27. Msichana wa miaka 17 ambaye mwili wake wenyewe haujamaliza kukua ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kupumzishwa na kulishwa. Hana mshahara, hana mfuko, hana hata mtu wa kumwandikia barua ya kuomba ruhusa.

Sasa tuiache habari ya mama kidogo, tumtazame mtoto. Mtoto mchanga ana kalenda yake, imeandikwa katika kadi ya kliniki, na kila mzazi anaijua. Akizaliwa huchomwa chanjo ya kifua kikuu na kutiwa matone ya kupooza. Wiki ya 6 huanza ile chanjo ya pamoja ikingayo dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na maradhi ya uti wa mgongo, pamoja na chanjo za kichomi na za kuharisha. Wiki ya 10 hurudi. Wiki ya 14 hurudi tena kwa dozi ya tatu. Kisha miezi 9 ni surua na rubela, na miezi 18 hurudiwa. Juu ya hayo, Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia mwaka 2001 uliusia mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila ya maji wala uji, hadi atimize miezi 6.

Wekeni kalenda hiyo ubavuni mwa kalenda ya mwajiri mwone. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Mwalimu wetu wa Kabungu akianza likizo yake siku ile ile ajifunguayo, atarudi darasani wiki 2 kabla ya dozi ya tatu. Ikiwa alianza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu na kama wakunga wanavyomshauri mwenye mimba nzito, basi arudipo mwanawe ana wiki 8 tu, na dozi ya pili bado hajaipata. Ama miezi 6 ya maziwa, hapo amepungukiwa na siku 96 hata kama hakutumia siku moja kabla ya kuzaa. Zile saa 2 za kunyonyesha ni jambo jema kwa mwenye nyumba karibu na shule. Mwenye kutembea mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, saa zake 2 zimekwisha njiani.

Huku kwetu msidhani tumetakasika. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, imeweka siku 90, na 100 kwa pacha. Tumewazidi ndugu zetu wa Bara kwa siku 6. Siku 90 ni wiki 12 na siku 6; dozi ya tatu ni siku ya 98. Tumekosa siku 8! Hatujui mtunga sheria alikuwa akiangalia nini alipoandika 90. Kadi ya mtoto hakika hakuiangalia.

Hiyo hesabu ya wiki 12 ina asili yake. Mwaka 1919, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliofanywa Washington, mataifa yaliandika mkataba wa uzazi wa wanawake wafanyao kazi viwandani na madukani, wakaweka wiki 6 kabla na wiki 6 baada ya kuzaa. Ulikuwa ni ushindi kwa wakati wake. Wakati huo chanjo ya surua haijazaliwa, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kupima kwa hesabu faida ya miezi 6 ya maziwa matupu. Mwaka 2000 shirika lile lile likaandika mkataba mwingine, Namba 183, likapandisha kipimo hadi wiki 14, na katika pendekezo lililofuatana nao likazitaka nchi zijitahidi kufika 18. Basi mama wa Kabungu mwenye bahati ya kuajiriwa apewa leo kipimo cha mwaka 1919, na mwenziwe asiye na bahati hapewi chochote.

Haki isemwe hata kama ni ya mpinzani. Vifo vya watoto wachanga vimepungua katika nchi hii. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa wakifa 43 katika kila 1,000 wazaliwao kabla ya kutimiza mwaka; uchunguzi wa mwaka 2022 ukakuta 33. Wanyonyao maziwa ya mama peke yake chini ya miezi 6 walikuwa 59 katika 100, wakawa 64. Watoto waliodumaa walikuwa 34 katika 100, wakawa 30. Ni maendeleo, na wauguzi na wahudumu wa vijijini wanastahili shukrani yake kuliko wasema hotuba. Lakini watoto 30 katika 100 kudumaa, katika nchi inayouza chakula nje, si jambo la kupigiwa makofi.

Je, likizo yenye malipo ina nguvu gani katika jambo hili? Wapo wasemao kuwa ni anasa ya nchi tajiri. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill cha Canada pamoja na wenzao walichapisha uchunguzi wa nchi 20 za kipato cha chini na cha kati, si Ulaya wala Marekani, wakilinganisha nchi zilizoongeza likizo yenye malipo na zile ambazo hazikuongeza kati ya mwaka 2000 na 2008. Walikuta kwamba kila mwezi mmoja ulioongezwa uliandamana na upungufu wa vifo karibu 8 katika kila watoto 1,000 wazaliwao, yaani kiasi cha 13 katika kila vifo 100. Na upungufu huo haukuwa katika siku za mwanzo, ambapo mtoto hufa kwa taabu za uzazi wenyewe. Ulikuwa hasa baada ya mwezi wa kwanza, wakati ambapo kiuacho ni kichomi, kuharisha na homa.

Sisi hatuichukui hesabu hiyo kama hukumu ya kadhi. Nchi iongezayo likizo huenda ikawa inafanya na mambo mengine mema wakati huo huo, na katika nchi maskini wenye kuajiriwa ni wachache. Lakini jambo lile laelekea kuaminika kwa sababu njia yake yaonekana kwa macho. Maziwa ya mama huja kwa kunyonywa. Mama akiwa mbali kutwa, siku ya tatu titi lajaa na kuuma, wiki ya tatu laanza kukauka. Maziwa yaliyokamuliwa katika joto letu hukaa saa chache tu. Mtoto akipewa maji ya kisima au uji uliolala, tumbo laharibika. Na mtoto wa miezi mitatu aliyeharisha siku mbili hana akiba mwilini ya kumfikisha siku ya nne. Mama aliye karibu huona mapema kuwa pumzi ya mwanawe imebadilika. Aliye mbali hupelekewa habari. Na neno "malipo" ndilo lishikalo vyote: likizo isiyo na malipo humrudisha mama kazini upesi kuliko amri yoyote ya mwajiri, kwa sababu chungu hakipiki ruhusa. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, sheria yake ya taifa ya mwaka 1993 yawapa wafanyakazi wiki 12 bila ya senti moja, na mwenye dhiki huko hurudi kazini kidonda cha uzazi hakijapoa. Katika hilo hatuna la kuwaiga.

Kinyume chake Norway mwaka 1977 iliwapa akina mama miezi 4 ya malipo. Watoto waliozaliwa baada ya sheria ile walifuatwa mpaka utu uzima, ikaonekana kuwa wachache zaidi kati yao waliacha shule kuliko waliozaliwa kabla yake.

Wazee wetu hawakuhitaji kuchapishiwa uchunguzi. Pwani yote na visiwani, mzazi hukaa arubaini: hakandi, hatwangi, hateki maji. Hukandwa yeye mwili kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, na shughuli za nyumba hubebwa na mama yake, na shangazi, na wifi. Dini ya wengi wetu nayo imemtajia mtoto miaka 2 kamili ya kunyonya, na katika hukumu hiyo hiyo ikambebesha baba chakula na nguo za mama anyonyeshaye, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Msomaji apime mwenyewe: mama apumzike, na mtu mwingine abebe gharama. Maana ya likizo yenye malipo imo humo kabla ya Washington kujengwa. Lakini tusijidanganye. Arubaini ilisimama juu ya jamaa waliokaa pamoja. Leo binti ameajiriwa hoteli ya Nungwi, mama yake yuko Micheweni, na wifi yake yuko Muscat. Nani atamtekea maji? Kilichokuwa kazi ya ukoo sasa hakina budi kiwe kazi ya dola.

Tukimtaja Muscat, tutazame na huko. Sheria mpya za Oman za mwaka 2023 zimempa mama mfanyakazi siku 98, ambazo ni zile wiki 14 barabara, na malipo yake hutoka katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Na mfuko huo huo humlipa kila mtoto wa Kioman riali 10 kwa mwezi. Mtasema Oman ina mafuta. Vyema, tutazame Rwanda, isiyo na mafuta wala bahari. Mwaka 2016 ilianzisha mfuko wa uzazi kwa sheria, mfanyakazi akichanga 0.3 katika kila 100 ya mshahara wake na mwajiri 0.3, wanaume na wanawake sawasawa. Na mwaka 2023 likizo ikapanda kutoka wiki 12 hadi 14.

Hapo ndipo penye ufumbuzi wa kilio cha waajiri, na kilio chao si cha uongo chote. Mwenye duka la watu watatu, mmoja akijifungua, sheria yamtaka alipe mshahara kamili wa asiyekuwapo na amtafute wa kushika nafasi yake. Mwenye hila haoni dawa ila kuajiri wanaume, au kuwaandikia wasichana mikataba mifupi mifupi. Na kwa Bara, mwenye utumishi usiotimia miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo ya malipo. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kumlinda mwanamke humfungia mlango wa kazi. Mkataba wa mwaka 2000 umeliona hilo, ukasema kuwa haifai mwajiri mmoja mmoja abebeshwe gharama hiyo peke yake. Bara, NSSF ina fao la uzazi kwa wanachama wake waliochanga muda wa kutosha. Ni mwanzo, lakini wa watu wachache.

Kuna kilio kingine ambacho hatujapata kukisikia Barazani, nacho ni cha vijijini. Muuguzi mmoja wa zahanati akijifungua, nani atawapima watoto wa wenzake? Mwalimu wa darasa la kwanza akienda likizo, watoto huunganishwa na darasa la pili, mia moja chumba kimoja. Basi likizo ya mmoja huwa mzigo wa kijiji kizima, na muuguzi mwenye huruma hujikuta amerudi kabla ya siku zake. Serikali ikitoa likizo bila ya kuweka mtu wa zamu imetoa nusu ya likizo. Wauguzi na walimu waliofuzu wakakaa nyumbani bila ya kazi wako wengi, Bara na Visiwani. Orodha ya watu wa zamu ingepatikana kwa wiki moja.

Wengine husema wanawake watazaa ovyo wapate likizo. Sheria zote mbili huihesabu likizo hii kwa mzunguko wa miaka 3. Hoja hiyo hatuna haja ya kuirefusha.

Tena Bara wenyewe wamekwisha kuikubali kanuni tunayoitetea. Mwaka 2025 sheria yao ilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo ya kufidia zile wiki ambazo mtoto alizikosa tumboni. Ni jambo la heri, na maana yake ni kubwa kuliko walivyoisema wenyewe: wamekiri kuwa likizo huhesabiwa kwa haja ya mtoto. Aliyekiri kwa mtoto njiti atakataaje kwa mtoto aliyetimia, ambaye naye ana dozi ya wiki ya 14 na miezi 6 ya maziwa?

Turudi kwa yule jirani, mwenye tumbaku. Msidhani yuko Kabungu peke yake. Yuko Paje na Jambiani, ameinama katika maji ya kiuno akifunga mwani, kazi iliyoingia huku mwisho wa miaka ya 1980 na ambayo wengi wa waifanyao ni wanawake. Maji ya bamvua hayangoji arubaini; asiyeshuka siku hizo amepoteza mavuno yake, kama yule wa Katavi asiyevuna jani lililokomaa. Yuko Pemba akichambua karafuu kwa ujira wa pishi. Kumwongezea mfanyakazi wa ofisi siku kutoka 90 hadi 180 hakutamgusa mama huyu hata kwa unywele, na mtoto wake ndiye aliye karibu zaidi na kaburi. Chama chochote kitakachodai likizo ndefu kwa wenye mishahara na kunyamaza juu ya wasio nayo kitakuwa kimedai haki ya wake wa wakubwa.

Watasema haiwezekani kumlipa mtu asiyechanga. Yawezekana, na ni hapa hapa Zanzibar ilikowezekana. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi huwalipa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, aliyekuwa mwajiriwa na aliyekuwa mvuvi, bila ya kuulizwa amechanga nini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Waliokuwa madarakani ndio walioianzisha, nasi hatuoni haya kuisifu, kwa kuwa babu zetu wote wanaila. TASAF nayo, kwa Bara na Visiwani, huzilipa kaya maskini, na sehemu ya fedha hizo hufungamana na kuwapeleka watoto kliniki. Kasoro yake ni kwamba huchagua wachache katika wengi, na kila kijiji kina manung'uniko juu ya nani ameandikwa na nani ameachwa. Fungueni mlango wa namna ile ya wazee kwa watoto wachanga. Kila mama, mwenye mwajiri na asiye naye, aonyeshapo kadi ya kliniki ya mtoto aliye chini ya miezi 6, alipwe. Kwa kipimo kile kile cha shilingi 20,000, miezi 6 ni shilingi 120,000 kwa kila uzazi. Haitoshi kumfanya mtu tajiri. Yatosha kumlipa kibarua wa kumshikia shamba au kamba za mwani katika wiki zilizo nzito, na yatosha kuifanya kadi ile isipotee.

Mambo ya kazi na ajira si katika mambo ya Muungano. Ndiyo maana Bara ina sheria yake na sisi yetu. Yule mama wa Kabungu ni ndugu yetu na twamtakia kheri, lakini sheria yake itatengenezwa Dodoma. Yetu yatengenezwa Chukwani, katika Baraza la Wawakilishi, na hakuna wa kumwomba ruhusa. Kwa hiyo twawataka wawakilishi wetu, kwanza, wadai siku 90 ziwe 98 bila ya kuchelewa, maana siku 8 hazihitaji tume wala mtaalamu kutoka nje. Kisha itajwe tarehe katika sheria ambayo likizo itafika siku 180. Malipo yatoke katika mfuko unaochangiwa na waajiri na wafanyakazi wote, wanaume kwa wanawake, na fungu la Serikali kwa ajili ya akina mama wasio na mwajiri. Na siku 3 za baba za kule Bara zisiwe kigezo chetu. Baba naye akae mpaka akika ipite.

Wenzetu wa matawini twawaomba kazi moja kabla ya kikao kijacho cha Baraza. Kila tawi liwahesabu akina mama wa shehia yake waliojifungua katika mwaka huu, wangapi walikuwa na likizo yenye malipo na wangapi hawakuwa nayo, na mtoto wa kila mmoja alikuwa na wiki ngapi siku mama aliporudi kazini, iwe ni ofisini, hotelini, pwani au shambani. Majina yasiandikwe, twataka hesabu tu. Wanawake wa tawi ndio waifanye kazi hiyo, maana wao ndio watakaofunguliwa mlango na kuonyeshwa kadi. Hesabu hizo zikikusanyika zikabidhiwe kwa katibu wa wilaya, naye azifikishe kwa wawakilishi wetu, ili watakapoulizwa Barazani ushahidi uko wapi, wausome shehia kwa shehia, kuanzia Tumbatu hadi Makangale.